Majivu Katika Pindo la Shuka

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja uliopigwa na ukame palikuwa na fundi wa ngozi aitwaye Labidi, mtu wa swala na haya. Mwaka huo mkewe, Raita, alikauka maziwa kwa njaa, na mtoto wao mchanga akawa hana hata nguvu za kulia.

Ilikuwa ada ya mji ule kila Idi kusimamisha mlingoti uliopakwa shahamu ya kondoo, na kileleni kufungwa kitambaa cha kijani. Mwenye kukiteremsha hupewa magunia matatu ya ngano. Sharti lilikuwa moja: kila mpandaji amwoneshe kadhi viganja vyake, na aape kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakujipaka kitu.

Labidi aliapa. Lakini katika pindo la shuka yake alikuwa ameficha majivu, na alipofika kimo cha mtu akayafikicha mikononi, akapanda hadi juu. Watu wakaleta takbira. Masikini, hata furaha yenyewe hakuionja.

Maana pale chini alimkuta jirani yake Wakasi, aliyekwisha kuporomoka mara tatu, viganja vimechunika, naye nyumbani ana watoto wanaolala na njaa. Wakasi akamkumbatia, akamwambia, "Mola amekuchagua wewe, ndugu yangu. Nami nimeridhika na hukumu Yake."

Neno lile lilimchoma Labidi. Akamwendea kadhi, akakung'uta pindo mbele ya watu, akasema, "Nimeapa uongo. Ngano hii si yangu."

Wakamzomea. Kadhi akaamuru mlingoti ulazwe, upakwe upya. Wakasi akapanda kwa viganja vile vile. Hakukifikia kitambaa ila alasiri, na damu yake ikabaki mtini.

Gunia la kwanza hakulipeleka kwake. Alilibeba hadi mlangoni kwa Labidi, akakuta maiti ndogo imekwisha kufunikwa. Labidi alikuwa akilia, akisema kwamba ukweli wake ndio uliomuua mwanawe.

Raita akamjibu, "Siku yake ilikuwa imefika, mume wangu. Ungeniletea ngano ile asubuhi, angekufa na uongo wako mdomoni."

Kisha akalifungua gunia la Wakasi, akasaga, wakala huku machozi yakiwatoka.

Ndugu zangu, wanachuoni wametaja kwamba mwenye dharura ana udhuru wake, wala mimi simhukumu Labidi. Nasema tu kwamba mlingoti wa dunia unateleza, njaa ni kali, na kila mmoja wetu ana pindo lake. Mungu atusitiri siku mapindo hayo yatakapokung'utwa.