Shikamoo Bila Kazi

Shibe ya jana haimzuii mtu kulala na njaa leo. Ndiyo maana wahenga wakauliza: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Swali hilo huwaendea wale wanaojivunia vyeo walivyokwisha kuvuliwa na sifa zilizokwisha kupoa, huku mikono yao ya leo imelala mapajani. Ni methali kali, na Mama Funguo aliuonja ukali wake kwa ulimi wake mwenyewe.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli kubwa kuliko zote mjini, na kicha cha funguo kilining'inia kiunoni mwake kikilia kila alipopiga hatua. Wahudumu wakisikia mlio huo, aliyekaa alisimama na aliyekuwa akicheka alifumba kinywa. Hakuwa mkatili, alikuwa mtu wa kazi. Akiona kunyanzi moja kwenye shuka, aliing'oa yote kitandani na kusema, "Rudia, mwanangu. Mgeni halali juu ya mabonde." Mumewe, fundi seremala ambaye presha ya macho ilikuwa ikimzimia taa polepole, alizoea kumtania kwamba nyumbani hatandiki kitanda, bali anakipiga pasi mtu angali ndani.

Kisha hoteli ikauzwa. Wenye mali wapya waliwakusanya wafanyakazi wenye umri mkubwa ukumbini, wakawapa soda baridi na maneno matamu, halafu wakawapiga kalamu wote kwa pamoja.

"Unga umemwagika," Mama Funguo alimwambia mumewe mlangoni, hata viatu hajavua.

"Kwako wewe utazoleka," mumewe akamjibu. "Kwa jina ulilo nalo mji huu? Watakugombania kama mpira wa kona."

Naye aliamini, kwa kuwa alitaka kuamini.

Hawakumgombania. Kila hoteli aliyoiendea na bahasha yake ya vyeti, alipokewa kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyommaliza. "Shikamoo, mama," alisema mlinzi langoni. "Shikamoo, mama," alisema kijana wa mapokezi akiinamisha kichwa. Hata meneja aliinuka akamvutia kiti. Mama Funguo aliitikia marahaba, akakaa, akaanza kusimulia: mabalozi aliowatandikia, maharusi waliomwandalia zawadi, mgeni aliyekataa chumba mpaka ahakikishiwe kwamba ni yeye aliyekikagua. Meneja alisikiliza huku akitabasamu, lakini jicho lake halikubanduka kwenye nywele za yule mama, nyeupe kama pamba.

"Mama, wewe ni hazina," alisema mwishowe. "Ila kazi zetu hizi ni mbio tupu. Ngazi juu, ngazi chini. Tutakutesa bure. Acha namba yako, tutakupigia."

Simu haikulia. Mama Funguo akawa anaichaji hata ikiwa imejaa, na akienda kuoga anaiacha juu ya kigoda mlangoni. Alipochoka kuisubiri, alishuka ngazi ya matumaini yake: akajaribu nyumba za wageni, kisha bweni la chuo. Huko nako shikamoo zilikuwa nyingi kama mvua ya masika, kazi hakuna.

"Shikamoo ingekuwa unga," alimwambia mumewe jioni moja, "sisi leo tungekuwa na ghala."

Walicheka. Kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa mara moja, wakabaki kusikiliza maji yakichemka sufuriani bila ya kitu cha kutia ndani yake.

Ndipo alipomkumbuka Kijiti. Huyu alikuwa ameingia hotelini akiwa msichana mwembamba asiyejua hata kukunja foronya. Mama Funguo alimfinyanga mpaka akawa mfanyakazi, na alipougua alimchukua nyumbani kwake akamuuguza kama aliyemzaa. Sasa Kijiti alikuwa mkuu wa usafi katika hospitali mpya. Mama Funguo alivaa gauni lake la buluu la kazini, akaenda akiwa na hakika moyoni. Mtu hukopesha wema siku ya jua, akidhani utamfunika siku ya mvua.

Kijiti alimpokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama yangu!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako kama mtu anavyokwenda kwa mwanawe. Nipe nafasi. Hata ya kuwa msaidizi wako siikatai."

Kijiti alitazama sakafu. "Mama, ya usimamizi haipo. Na hata ingekuwepo, wakubwa wangeuliza umri kabla ya jina. Niliyo nayo ni ya kupiga deki, wodi ya wanaume. Ukiitaka ni yako, uanze kesho."

Mama Funguo alihisi uso ukimwaka. "Deki? Mimi nipige deki, wewe unisimamie? Wewe niliyekushika vidole nikakufundisha kukunja foronya?"

"Najua, mama. Ndiyo maana naona haya hata kutamka."

"Basi ungenyamaza."

Akaondoka shingo imesimama kama ya twiga, akawapita watu kwenye ukumbi wa hospitali bila ya kumwona hata mmoja. Nyumbani alimweleza mumewe kwa hasira, akitarajia naye awake. Mzee hakuwaka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama kulikuwa na chochote cha kupika.

Siku zikasonga, mambo yakazidi kwenda mrama. Asubuhi moja Mama Funguo alirudi kutoka kuhangaika mjini, akakuta pembe ya sebule iko tupu na imefagiliwa. Hapo ndipo lilipokaa sanduku la vifaa vya mumewe: randa, misumeno na patasi alizorithi kwa baba yake.

"Vifaa viko wapi?"

"Nimemuuzia yule fundi wa mtaa wa pili."

"Hata randa ya baba?"

"Hata ya baba." Mzee alikuwa amekaa kitako, viganja vimeelekea juu. "Mke wangu, nusu ya milango ya mji huu nimeitengeneza mimi. Juzi nimejigonga kwenye mmojawapo, wala haukuniomba radhi." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Macho yangu hayarudi tena. Mikono yako bado ipo. Mla ni mla leo."

Hakuyasema hayo kwa kulaumu. Afadhali angelaumu, mkewe angepata wa kugombana naye. Mama Funguo aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda kilichonyooshwa vizuri, akalia mpaka kamasi zikamziba pumzi.

Kesho yake alirudi kwa Kijiti, safari hii bila ya bahasha.

"Ile deki," alisema.

Machozi yalimlengalenga Kijiti. "Imekwenda, mama. Nilikungoja mpaka wakanikaripia, nikamwandika mwingine. Imebaki ya udobi, na si ajira, ni kibarua. Siku wanayokuhitaji wanakuita, wasipokuhitaji basi. Shuka za wodini, mama. Zina damu, zina kila kitu."

"Niandike."

Chumba cha udobi kilikuwa chini kabisa ya jengo, kimejaa mvuke na harufu ya dawa inayochoma pua. Msimamizi wake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, hakumwamkia wala hakumuuliza alikotoka. Alimtupia mabuti na glavu. Shuka ya kwanza ilipokauka, Mama Funguo aliikunja kwa namna aliyoikunja maisha yake yote, pembe juu ya pembe.

"Wewe mpya! Ndiyo nini hiyo?" msimamizi alifoka. "Hapa hatufungashi zawadi ya harusi. Kunja haraka, lundika, chukua nyingine!"

Wenzake waliangua kicheko. Mama Funguo alifungua kinywa. Mabalozi, maharusi, kile kicha cha funguo, vyote vilimjia ulimini kwa pamoja. Alivimeza kama mtu anavyomeza kidonge bila ya maji, akaikunjua ile shuka, akaikunja kwa namna yao.

Mchana, walipokaa kwenye benchi kupumzika, mwanamke wa pembeni yake alimuuliza, "Mama, kabla ya hapa ulikuwa wapi?"

Alivitazama vidole vyake, vimejikunyata na kupauka kwa maji.

"Nyumbani," akajibu. "Nilikuwa nyumbani, sina kazi."

Yule mwanamke akasogea, akampa nafasi ya kuegemea ukuta.

Jioni ile moto uliwaka nyumbani kwao. Walikula bila ya maneno mengi, mume akipapasa sahani kwa vidole, mke akiisogeza karibu naye. Hakuna aliyemwahidi kwamba kesho wangemwita. Hakuna aliyejua pale udobini kuwa amewahi kuwa mtu mkubwa, na hata wangejua, sahani isingejaa zaidi. Aliramba vidole, akamwongezea mumewe kilichobaki. Hakika, mla ni mla leo. Mla jana kala nini?