Ufa wa Gråtruten

Waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakutunga kitisho cha watoto. Maana yake ni kwamba ugonjwa unaofichwa kwa hofu au aibu mwisho hujitangaza wenyewe, tena vibaya.

Fidèle, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa akikwangua kutu na kupaka rangi kwenye Gråtruten, meli kuukuu ya kivita ambayo siku hizi ni makumbusho jijini Stockholm. Enzi za vita ilisindikiza meli za mizigo na kuzilinda dhidi ya nyambizi. Owuor, Mkenya aliyewatembeza wageni, alimsimulia jinsi fundi mkuu wa meli hiyo alivyouona ufa kwenye bomba la mvuke akaunyamazia, kwa kuogopa kuonekana hafai. Bomba likapasuka baharini. Mabaharia wakaungua, na meli za mizigo zikaendelea gizani bila mlinzi.

Fidèle alipoisikia habari hiyo alikikumbuka kifua chake. Kwa majuma kadhaa kilikuwa kikimbana kila alipopanda ngazi, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe Laurentine.

“Kaka, mbona unatoa jasho na baridi yote hii?” Owuor alimuuliza. “Si uende uone daktari?”

“Niko bien, muzuri tu, ndugu. Mungu anasaidia.”

Hofu ilipomzidi alikwenda zahanati karibu na kwake, katika kitongoji cha Fittja. Daktari akampigia mkalimani wa Kiswahili. Sauti ilipotoka kwenye simu, Fidèle aliitambua mara moja. Alikuwa Mama Josiane, kiongozi wa akina mama kanisani kwao! Fidèle akaona mambo yameharibika. Neno likijulikana Fittja asubuhi, aliwaza, Bukavu watalipata kabla ya chakula cha mchana; na mama yake, aliyekwisha kuwazika wanawe wengine wote, atakufa kwa hofu.

“Daktari anauliza unaumwa nini,” Mama Josiane alifasiri.

“Goti, mama. Iko goti tu.”

Daktari alimtazama anavyohema, akasema neno.

“Anauliza kama kifua hakikusumbui.”

“Hapana, mama. Kifua iko muzuri.”

Akatoka na dawa ya kuchua.

Siku chache baadaye, akiwa peke yake katika chumba cha injini, kifua kilimbana kama kilichoshikwa na koleo. Aliogopa kufa, lakini aliogopa zaidi kuita watu wakamzonga. Alipokata shauri kuita, sauti haikutoka. Owuor alimkuta amekwisha kuwa baridi.

Msibani Laurentine alilia, “Aliniambia ni goti! Nani alijua habari ya moyo?”

Mama Josiane aliinamisha kichwa. Tangu aanze ukalimani hakuwahi kulitoa nje neno la mgonjwa, na hata siku ile hakuthubutu kutamka kwamba aliwahi kumfasiria marehemu. Siri ya Fidèle, kama angeitoa, ingekaa salama kwake.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa mama yake Fidèle, akipiga kutoka Bukavu, naye alikuwa bado hajaambiwa. Waombolezaji wakatazamana, na hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.