Sinia la Ijumaa na Ngazi ya Bwana Msellem

“Na mwenye kupanda na sinia, mmempimia mguu gani?”

Hapo zamani, Mwanamkasi aliuliza hivyo, na wanaume wakaendelea kupima. Mumewe, Bwana Msellem, mrefu kama mlingoti, alikuwa ameegemea ukuta wa ghorofa yao mpya, na Fundi Bausi anamtia alama ya mkaa kwenye muundi wa mguu. Kila kipandio cha ngazi kiwe na kimo hicho. Vipandio viwe vichache, visile nafasi ya sebule ya juu, wanaume wapate kupunga upepo wakingoja chakula. Jiko, bila shaka, likabaki chini.

Fundi akajenga. Kufika juu, akakuta kimo kimebaki. Badala ya kubomoa na kugawa upya, akakirundika chote kwenye kipandio cha mwisho, akapiga lipu, ikang'aa.

Wa kwanza kujikwaa pale alikuwa Nyange, mdogo wake Msellem. Ukucha uling'oka. Akauma meno, akausifu upepo.

Ijumaa iliyofuata Mwanamkasi akapanda na pilau. Kanga imembana, sinia limemziba macho, mguu umezoea kimo kile kile, kile kile, kile kile. Cha mwisho kikamkana. Pilau likatangulia, yeye akafuata. Wanaume wakatoka mbio, na wa kwanza kufungua kinywa aliulizia nyama.

Mganga wa mifupa akaufunga vijiti mguu wake uliovunjika. Akipanda ngazi kabla ya kupona, alisema, atachechemea maisha yake yote.

Majirani wakaja kumpikia, lakini ngazi ile wakaikataa. Fundi naye akasema haibomoleki mpaka dari ikauke. Basi nani apandishe sinia? Na usidhani yuko aliyewaza kulia chakula chini. Watu wamejenga ghorofa, ati! Mwanamkasi, mguu juu ya mto, akaambiwa achague mmoja kati ya mume, fundi na shemeji, maana ngazi ni nyembamba, wawili hawaenei.

“Mke wangu,” akasema Msellem, “mimi nilitaja kimo. Sikusema cha mwisho kizidi. Vile vingine si ulivipanda?”

“Nilivipanda kama mbuzi,” akajibu mkewe.

Fundi Bausi, ambaye bado alikuwa akila hapo, akakohoa. “Bibi, mwenye nyumba ndiye aliyeamuru. Ningepewa kimo cha mtu, si cha ngamia, nisingekosea hesabu.”

“Shemeji,” akasema Nyange, “mimi sikupima wala sikujenga. Nilijikwaa tu. Tangu lini kujikwaa kukawa kosa?”

“Si kosa. Ila uliniambia ni jiwe la barabarani, na mimi ndiye niliyekufunga kitambaa.”

Nyange akatazama kidole chake.

Sasa Ijumaa nyingine imefika, pilau limepakuliwa, na kipandio kile kingali kinangoja mguu wa mtu. Watatu wanamtazama Mwanamkasi; Mwanamkasi anakutazama wewe. Je, nani anastahili kubeba: aliyepima dunia kwa muundi wake, aliyerundika kosa akalipaka lipu, au aliyejua akanyamaza? Tafadhali taja mmoja, chakula kinapoa.