Mtumbwi wa Mzee Byabato

"Mtumbwi wa ndizi haugawanywi, hukanyagwa kwa zamu."

Kwa maneno hayo mjomba mmoja aliwakatiza vijana waliokuwa wakigombea cherehani ya marehemu mama yao. Waliporudi nyumbani walimkuta bibi yao, Kokushubira, akimenya ndizi jikoni. Wakamuuliza, mtumbwi na cherehani vimekutana wapi?

Bibi alicheka. "Huo si mtumbwi wa ziwani, wajukuu zangu. Ni ule wa kukamulia ndizi. Shikeni visu mnisaidie kumenya, maana hadithi peke yake haishibishi."

Methali hii ilianza hivi, akasema.

Nyuma ya vilima vya Bukoba aliishi mzee aliyeitwa Byabato. Shamba lake la migomba lilikuwa la kawaida tu, ila uani kwake ulilala mtumbwi mrefu, uliochongwa kwa gogo moja la mvule. Ndizi mbivu humenywa zikatiwa humo pamoja na nyasi, wanaume wakaosha miguu na kuzikanyaga mpaka maji matamu yatoke. Maji hayo yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, hulala yakiwa sharubati, yakaamka yakiwa lubisi, pombe ya ndizi. Kijiji kizima kilikamua kwa Byabato. Kila aliyemaliza kukamua alimwachia mzee kibuyu kimoja na maneno mema.

Mzee alipofariki, mwanawe mkubwa, Rwegoshora, alirithi nyumba na ua. Mdogo wake, Ishengoma, alipewa shamba la bondeni. Hayo hayakuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza kwenye mtumbwi.

"Mtumbwi uko uani, na ua ni wangu," alisema Rwegoshora.

Neno hilo lilimchoma Ishengoma. Alipokuwa kijana ni yeye aliyeuchonga pamoja na baba yake, mpaka viganja vikatoka malengelenge, wakati kaka yake yuko safarini. Tena alijua kwamba mtumbwi ukilala kwa mtu, watu hukusanyika kwake, na asipokuwa nao atabaki bondeni na migomba yake, hapiti mtu kumwuliza hali.

Wazee waliwasihi wote wawili, wakachoka. Siku moja Ishengoma akapandwa na hasira. "Kama ni hivyo, tuukate! Kila mtu achukue chake!"

Alisema hivyo akitumaini kaka yake atashtuka. Rwegoshora hakushtuka, au kama alishtuka hakuonyesha. Aliondoka, akarudi na msumeno wa kuazima. Mama yao, Kokwijuka, aliingia nyumbani kwake, jirani na ua, akafunga mlango asisikie mti ukilia. Ndugu wale wawili walivuta msumeno, huyu huku na huyu kule, wala hawakutazamana usoni. Ishengoma akakokota nusu yake hadi bondeni. Njiani ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia.

Haukupita muda mrefu, mwanawe Mutalemwa akapata mchumba. Kwenda ukweni bila vibuyu vya lubisi ni kama kwenda mikono mitupu, kwa hiyo Ishengoma alifukia ndizi shimoni ziive. Zilipoiva akaziba upande uliokatwa kwa udongo wa mfinyanzi, akaosha miguu, akaanza kukanyaga.

Udongo ulilowa ukabomoka. Maji matamu yakatoka kama kijito, yakaingia ardhini, nyuki na sisimizi wakaja kufanya karamu. Akajaribu kuuinamisha mtumbwi ili upande mzima uwe chini. Ndizi zote zikajikusanya kwenye kona, akakosa pa kukanyagia, akateleza akaanguka chali. Mutalemwa alimwinua baba yake, akampangusa nyasi mgongoni, na jambo hilo lilimuuma Ishengoma kuliko kuanguka.

Alituma mtu ng'ambo ya bonde kuazima mtumbwi wa huko. Jibu likarudi: "Wenu si mliukata wenyewe? Wetu tunaupenda mzima."

Ndizi mbivu hazingoji mtu. Ishengoma alikaa kibarazani akizitazama zikianza kuwa nyeusi, kisha akainuka, akapanda kilima kwenda kwa kaka yake.

Alimkuta Rwegoshora amepiga magoti uani, matope mpaka viwikoni, anashindilia nyuzi za mgomba kwenye ubao aliougongomea upande uliokatwa wa mtumbwi wake. Maji ya ndizi yalikuwa yakitiririka pande zote za ubao.

"Wako unashika?" aliuliza Rwegoshora bila kugeuka.

"Haushiki kitu. Ardhi imekunywa vibuyu vya mwanangu."

Ishengoma akapiga magoti kando yake.

"Kaka," alisema Ishengoma, "mimi ndiye niliyetamka neno la kukata. Nilidhani utakataa."

Rwegoshora akaacha kushindilia. "Na mimi nilipokwenda kuazima msumeno, nilikwenda polepole. Nilingoja unikimbilie unizuie."

Hapo ndipo walipotazamana. Rwegoshora alitaka kucheka, lakini akajifuta macho kwa mkono wa matope. Wakaenda pamoja kwa mama yao.

Kokwijuka aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawatolea shoka na tezo ya baba yao. "Chongeni mwingine," alisema. "Ila huu hautalala kwa Rwegoshora wala kwa Ishengoma. Utalala kwangu. Anayetaka kukamua atakuja kunieleza, nami nitampangia zamu yake. Nikifa, wajukuu watapanga."

Mutalemwa alikwenda mwenyewe ukweni kuomba muda, akaeleza yote bila kuficha. Baba wa msichana akasema, "Afadhali tungoje, kuliko kumpa binti yetu kwa watu waliokata mtumbwi na hawajajuta."

Ndugu wale wakaangusha mvule. Kuchimba gogo kwa tezo si kazi ya siku chache. Kaka alichonga mpaka achoke, mdogo akapokea. Siku ya kuuvuta kwenda kwa mama, kijiji kilitoka, na kundi la vijana wa ukweni likaja pia. Walitandaza mashina ya migomba njiani ili mtumbwi uteleze juu yake. Mzee mmoja aliteleza badala ya mtumbwi, wakacheka mpaka wakaacha kamba. Zile nusu mbili zikawa vihori vya kulishia ndama.

Ndizi nyingine zilipoiva, Ishengoma alimwambia kaka yake aanze, maana ndiye mkubwa.

"Leo ni zamu yako," alisema Rwegoshora. "Harusi ni ya mwanao. Ingia, nitakuoshea miguu."

Alimwosha kweli, mbele ya watu, kisha akampa mkono apande. Ishengoma akakanyaga, na maji yakajaa mtumbwini, hakuna hata tone lililodondoka. Lubisi ile ilifika ukweni ikitoa povu, Mutalemwa akapewa mke.

Tangu hapo, ndugu wakigombania kitu ambacho kikikatwa hakimfai yeyote, watu wa huko huwaambia: mtumbwi wa ndizi haugawanywi, hukanyagwa kwa zamu.