Mtani Aliyelala Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe unayesinzia huko nyuma, amka, maana hadithi hii ni ya tumbo lako.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha watu wenye haya. Haya kupita kiasi. Mtu akienda chooni alisema anaenda kuangalia ng'ombe, hata kama hakuwa na hata kuku. Akiona damu huko, kimya. Akikonda, kimya. Akafa na haya yake.

Humo aliishi Mihambo, mkulima hodari, mvi ndiyo kwanza zinachungulia. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa utumbo. Kaka yake naye, vivyo hivyo. Mihambo mwenyewe alikuwa mzima. Alilima, akala, akalala. Lakini kila akijishika tumbo, moyo ulimdunda, du, du, du, na hakumwambia mtu.

Sasa, ukoo wake ulikuwa na mtani, Bibi Nyamizi, ambaye watu wa kule wanamtaja mpaka leo. Desturi yao ilikuwa hivi: kukiwa na msiba, mtani hulala njiani mbele ya wabeba maiti, pu, na haondoki mpaka apewe anachotaka. Mtani hakasirikiwi. Yale ambayo wengine wanayaonea haya, yeye huyasema.

Kaka yake Mihambo alipozikwa, Bibi Nyamizi alilala njiani kama kawaida. Watu wakacheka huku wanalia. Yeye safari hiyo hakucheka.

Matanga yakaanuliwa. Asubuhi moja Mihambo akafungua mlango, jembe begani. Nani huyu kizingitini? Bibi Nyamizi, pu, kajinyoosha.

"Bibi, nani kafa?"

"Wewe."

"Mbona niko hai?"

"Ndiyo maana nimewahi. Kwa baba yako nilichelewa, kwa kaka yako nilichelewa. Nimechoka kuchekesha watu makaburini kwenu, mtani."

"Unataka nini? Kuku?"

"Kuku kaa naye. Nenda kwa mganga wa ng'ambo ya mto, akakuchungulie utumbo."

"Lakini siumwi popote."

"Ukishaumwa, kazi yake itakuwa kubwa. Leo bado ni ndogo."

Mihambo akatazama chini. "Na huko anakochungulia..."

"Matakoni, sema tu. Mimi nilikwenda na yangu na nimerudi nayo."

Mihambo akacheka, lakini kwenda hakwenda. Jua likapanda. Mbuzi wakampita bibi. Uji akaunywea pale pale chini. Aondoke? Ng'o.

Mwisho Mihambo akachuchumaa karibu yake, akasema polepole, "Bibi, naogopa. Akikuta kitu je?"

"Kama kipo, hakingoji ruhusa yako. Bora yeye akikute kingali kidogo."

Wakavuka mto pamoja. Mganga akampa dawa chungu ya kusafisha tumbo. Guru, guru, guru. Mihambo akakimbia, akarudi, akakimbia tena. Bibi Nyamizi akapaza sauti kutoka uani, "Mtani, ng'ombe wako hawajambo?"

Kesho yake mganga akamlaza ubavu, akamchungulia taratibu kwa mwanzi laini wenye mwanga ndani yake. Akakuta kinyama kimeota, kidogo kama punje ya kunde. Akakikata. Akakiweka juu ya jani, akamwonyesha.

"Ni hiki tu?" Mihambo akauliza.

"Ni hiki. Kingeachwa, kingeweza kukua kikawa ule ugonjwa wa baba yako. Urudi tena baadaye nikuangalie."

Mihambo akakitazama. Akamkumbuka kaka yake alivyokuwa akisema, nikizidiwa nitakwenda. Akalia mbele ya mganga, bila haya yoyote.

Waliporudi kijijini, Bibi Nyamizi akashika njia ya kwake. Mihambo hakuingia nyumbani. Alipitiliza mpaka kwa Kabula, dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa uani akipepeta mtama.

Kabula akashtuka kumwona. "Kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Hakuna," Mihambo akasema. Akautoa ungo mikononi mwa dada yake, akauweka chini. "Jifunge nguo yako, dada. Twende kwa mganga kabla huyo mgonjwa hajapatikana."

Basi, wenzangu, utumbo hausemi mapema. Uliyefikia umri wa mvi, nawe uliyezika mtu wa kwenu kwa ugonjwa huu, kapimwe ungali mzima, na uliyemwacha nyumbani mwambie.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeisikia aibebe mpaka kwa nduguye.