Bi Mwatabu na Ngoma ya Zamu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya nusu mdomo? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Wewe uliyekaa pale, rudishia mlango kwanza. Siwajui wote waliopo nje.

Zamani, kale ya kale, palikuwa na kijiji chenye boma la miti na lango moja. Kando ya lango, ghala. Ndani ya ghala, mtama wa mwaka mzima. Kijijini humo aliishi Bi Mwatabu. Mkuki hakuwahi kuushika, lakini kijana aliyetaka kuwa amiri wa askari sharti apite kwake, afunzwe kuilinda nchi. Naye alifunza kwa maswali. "Maji yetu yanatoka wapi? Nani anaijua njia ya chumvi? Adui akitutazama, anaona nini?" Kutwa maswali! Vijana wakachoka masikio.

Mwaka huo walibaki wawili, na uamiri ni wa mmoja. Chande, mtu wa maneno machache. Na Mbaruku, mkuu wa ngoma ya zamu, kifua mbele.

Basi wezi wa ng'ambo ya mto wakaingia ghalani. Mchana kweupe! Kwapu! Wakaja tena. Kwapu! Mara ya tatu, kwapu! Na kila mara lango halina mtu. Walijuaje?

Macho yote yakamgeukia Saburi mfinyanzi, mgeni wa misimu miwili. Kwa nini anachimba udongo mtoni? Kwa nini haongei? Mbona vyungu vyake vina alama? Hata salamu yake watu wakaanza kuinusa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mbaruku akasema barazani. "Atolewe nje ya boma, yeye na wanawe!"

Nje kulikuwa na simba. Kila mtu alijua maana yake.

Bi Mwatabu akamtazama. "Kama ki nguoni mwangu, mjukuu wangu, mbona unakagua nguo ya jirani?"

Kisha akaligeukia baraza.

"Nipeni siku moja. Kesho nyinyi wawili, Chande na Mbaruku, mkakae juu ya kilima cha ng'ambo. Kijiji mkipe mgongo. Msitazame. Sikilizeni tu."

Wakavuka mto, chubwi, chubwi. Kileleni wakakuta nyasi zimelaliwa, na magunzi ya mahindi bado mabichi. Kumbe pana mtu hukaa hapo! Wakakipa kijiji mgongo. Jua likafika utosini.

Tu! Tu! Tu-tu-tu!

Ngoma ya zamu. Na wimbo juu yake: "Tumelinda, tumechoka, tunakwenda kula!" Ndiyo desturi yao tangu mababu. Walinzi wa zamu iliyokwisha huondoka langoni wakiimba, na wa zamu mpya huwapokea katikati ya kijiji, wakacheza pamoja mpaka wimbo uishe.

Chande akahesabu beti. Saba. "Mtu wa hapa anashuka, anajaza kapu, anarudi," akasema, "na sisi bado tunacheza."

"Zilikuwa tatu," Mbaruku akasema. "Nne nimeongeza mimi." Akalia, kijana wa watu.

Walipofika kwa Bi Mwatabu, Chande akafungua mdomo, lakini Mbaruku akamtangulia. "Bibi, nimejisikia mwenyewe. Wezi tuliwaita sisi."

Kesho yake ngoma ikalia, wimbo ukaimbwa, na walinzi wamejilaza nyuma ya ghala. Wezi wakaja. Kwapu! Wakakamatwa wao.

Mbaruku akaenda kwa Saburi. Akakuta vyungu vyote vimevunjwa na majirani, watoto wamekaa kati ya vigae.

"Nisamehe, kaka."

"Nimekusikia," Saburi akasema. Uso hakuuinua.

Bi Mwatabu akampa uamiri nani? Mbaruku! "Chande ana masikio," akasema, "lakini huyu ana aibu. Siku akitaka kumtoa mtu nje ya boma, itamshika mkono." Mimi ningempa Chande. Lakini sikuulizwa.

Basi, kabla ya kumshuku mgeni, kaa kwenye kilima cha adui, ujisikilize mwenyewe.

Hadithi yangu imefika langoni, na hapo imeishia. Haya, nani ameufungua tena ule mlango?