Ufunguo wa Pampu ya Korongoni

Sogeeni, nina kesi iliyonishinda, nataka mnisaidie kuiamua.

Walikuwapo wanawake watatu. Matika, mjane, alijua maji yanapojificha, kwani usichanani alichunga punda na kuona walipofukua mchanga. Mbeleje alikuwa na maneno ya kulainisha wagumu. Yunesi alijua kufufua pampu.

Kisima chao kilikuwa mbali, na njia yake ilipita mlangoni kwa Matika. Hapo wanawake walitua ndoo, wakamsalimu, wakamwachia kata ya maji na umbeya wa wiki. Hakuwa na mtu mwingine.

Siku moja mjamzito akaanguka na ndoo yake mbele ya mlango huo. Matika alimfuta vumbi, kisha akashika fimbo akaenda hadi korongo la jirani na kijiji. "Chimbeni hapa," akasema. Alijua vizuri kwamba njia ya kwake itaota nyasi.

Mwenye shamba la korongoni alikuwa ameshawafukuza wanaume wa kamati ya maji waliokwenda kumwomba ruhusa. Mbeleje akaenda kukaa uani kwake, akamenya karanga na wakeze siku tatu. Mzee akachoka. "Haya chimbeni, lakini ninayemwamini ni wewe."

Pampu iliyopatikana ilikuwa mbovu, haivuti. Yunesi akakata mpira wa kandambili zake mwenyewe, akaziba palipovuja, akarudi nyumbani pekupeku. Maji yakatoka.

Sasa pampu ikafungwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ukahitaji nyumba. Kwao, anayetaka ufunguo hauchukui na kuondoka. Hupiga hodi, akaketi, akaulizwa habari za watoto.

"Ukae kwangu," alisema Mbeleje. "Mzee akisikia uko kwingine, atatufukuza."

"Kwangu," alisema Yunesi. "Ikiharibika asubuhi, nani ataijua?"

Wakamgeukia Matika. Alikuwa na mwezi mzima hajasikia hodi. Alikuwa ameanza kumsalimu kuku wake, na hilo alilionea aibu kulitaja.

"Mimi sina sababu kama zenu," alisema. "Pampu siijui, na mzee hanijui. Nataka watu."

Mbeleje alitazama chini, Yunesi akaugeuzageuza ufunguo mkononi.

Haya, msinitazame mimi. Angekosekana hata mmoja wao, kijiji kisingekunywa. Ungekuwa wewe umeushika ufunguo huo, ungeupeleka mlango wa nani?